Alikufa Ijumaa, Jumamosi Akaendesha Gari

Nchi yetu ipo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na wala msiniulize jina lake, maana sina kibali cha kulitaja. Inatosha mjue kwamba ina mawaziri wengi kuliko madaktari, na kwamba inapakana na nchi nyingine tunayoiita Ng'ambo, kwa kuwa kati yetu kuna mto na juu ya mto kuna daraja. Daraja hilo linaitwa Daraja la Undugu. Upande wetu lina kizuizi, upande wao lina kizuizi, na katikati pana bango lililoandikwa "Karibuni Ndugu".

Mimi nauza supu hatua chache kutoka kizuizi cha upande wetu. Wananiita Mama Supu, hata wale waliosahau kunilipa. Maofisa wa mpakani ndio wateja wangu wa asubuhi, kwa sababu jioni wanakunywa, na kukikucha hawana budi kuzimua. Anayehitaji bakuli moja kabla mkono haujatulia ni karani. Anayehitaji mawili ni mkuu wa zamu. Mfawidhi wa kituo, Bwana Limbu, anahitaji matatu, tena yenye pilipili ya kumtoa machozi. Nayasema haya bila nia mbaya. Ni watu waungwana na wakishiba wanashukuru.

Basi asubuhi moja akatujia Waziri wa Mipaka na Mwenendo Mwema, Mheshimiwa Fulgensi Kasulwa, kuzindua sheria. Alishuka garini kwa msaada wa watu wawili, akaletwa moja kwa moja kwenye benchi langu, akanywa supu bila kuinua uso mpaka mwiko wangu ukaanza kukwaruza chini ya sufuria. Ndipo akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "mlevi wetu mmoja akivuka daraja hili, watu wa Ng'ambo hawaoni mlevi. Wanaona taifa zima linayumba. Je, tuyumbe?"

"Tusiyumbe," tukajibu.

"Mvuta bangi wetu mmoja akivuka, hawaoni mvuta bangi. Wanaona serikali inatoa moshi puani. Je, tutoe moshi?"

"Tusitoe."

"Basi kuanzia leo, yeyote aliyewahi kupatikana na hatia ya kuendesha chombo akiwa amelewa, au hatia ya dawa za kulevya, iwe jana, iwe wakati wa ujana wa bibi yake, hatoki na haingii. Awe hai, awe maiti. Mpaka wetu utakuwa msafi hata samaki waliomo mtoni waone haya."

Tulipiga makofi, kwa sababu waliokuwa wakitugawia fulana walikuwa wanaangalia nani anapiga. Kisha Mheshimiwa akavuka daraja kwenda Ng'ambo, ambako bia ni nafuu, kuisherehekea sheria.

*

Sheria ilianza kazi siku ile ile. Wa kwanza kuzuiwa alikuwa kibabu aliyewahi kukamatwa na msokoto wa bangi kabla Bwana Limbu hajazaliwa. Alikuwa anakwenda Ng'ambo kung'olewa jino. Limbu alimwamkia kwa heshima zote, akamrudisha nyumbani na jino lake. Wa pili alikuwa fundi cherehani aliyewahi kutozwa faini kwa kuanguka na baiskeli akitoka harusini. Alijitetea kwamba baiskeli si gari. Akaambiwa sheria imesema chombo, na kwamba ashukuru hawakuhesabu na viatu.

Nyuma yao likaja lori lililofunikwa turubai. Dereva alisema amebeba magunia ya mbolea. Mbwa wa kunusa alilisogelea, akaanza kubweka na kukwaruza gurudumu kama aliyeona nduguye humo ndani, na hapo hapo akapewa likizo ya ugonjwa. Lori likapita huku askari wakilipungia mkono.

Kesho yake asubuhi nilimuuliza Limbu habari ya lile lori, kwa upole wa muuza supu.

"Mama Supu," akaniambia huku akipuliza kijiko, "sheria inamhusu mtu aliyewahi kuhukumiwa. Gunia halijawahi kuhukumiwa."

Nikamwongezea pilipili.

*

Nehemia Mbwilo nilimfahamu tangu zamani, maana ndiye mtu pekee pale mpakani asiyewahi kuja kwangu na kichwa kinachouma. Ni Msabato wa kweli kweli. Hanywi pombe, hanywi kahawa, hanywi chai ya majani, na ukimpa soda nyeusi anakuuliza kama hakuna ya machungwa. Zamani alikuwa dereva. Siku hizi alikuwa ananoa misumeno ya mafundi na kuimba besi kwenye kwaya. Mkewe alikufa mapema, akamlea peke yake binti yao wa pekee, Tusekile, akamsuka nywele kwa mikono yake mwenyewe hata majirani wakamcheka. Binti alipokua alivuka kwenda Ng'ambo kushona sare za shule kiwandani, na kila mwisho wa mwaka alirudi na vitenge vya kuwagawia watu, kimoja changu.

Siku moja Nehemia alikuja darajani amevaa koti la kanisani, na haikuwa Jumamosi. Skola, msichana anayeishi chumba kimoja na Tusekile, alikuwa amempigia simu. Tusekile amelazwa. Tumbo limevimba, wanataka kumpasua, na hospitali ya Ng'ambo haimpasui mtu mpaka ndugu wa damu aje mwenyewe aweke sahihi, akiwa na muhuri wa mpakani kwenye pasi yake. Paa la hospitali hiyo linaonekana kutoka kwenye benchi langu. Ni bati jekundu juu ya kilima, karibu hivi kwamba ukiwa na sauti nzuri unaweza kumwita muuguzi.

Limbu alibonyeza mashine yake, akakunja uso.

"Mzee Mbwilo, samahani sana. Mashine inasema wewe ni mlevi."

"Haisemi hivyo, afande," alijibu Nehemia. "Inasema nilihukumiwa. Kama nilikunywa, haijui."

Limbu alicheka kidogo, cheko la mtu anayejua. Pale mpakani wote tulijua.

*

Hapa ni lazima niwaeleze wageni desturi yetu, ili msije mkadhani sisi ni washenzi. Kwenu gari likigonga mtu, nadhani polisi huuliza, "Nani alikuwa anaendesha?" Kwetu swali hilo ni utovu wa adabu. Polisi wetu wakifika huuliza, "Nani anabeba?" Kwa maana mkubwa hana kosa. Mkubwa ana mbebaji. Kosa likitokea linatafutiwa mtu wa kulibeba, kama vile mzigo unavyotafutiwa mpagazi, na mkubwa anaendelea na safari zake za kulijenga taifa.

Miaka mingi nyuma, Kasulwa akiwa bado katibu wa wilaya tu, alikunywa tangu asubuhi, akachukua usukani mwenyewe na kuingia na gari katikati ya gulio. Alimvunja miguu yote miwili mama mmoja aliyekuwa anapanga nyanya. Dereva wake alikuwa Nehemia, lakini siku hiyo ilikuwa Sabato na Nehemia alikuwa kanisani. Wakamfuata huko huko, wakamtoa kwenye kwaya wimbo ukiwa haujaisha. Alipofikishwa kwenye gulio alikuta askari ameshamaliza kuandika jina lake. Kilichobaki kilikuwa harufu. Wakammwagia pombe kali kwenye shati, wakamwambia asukutue kinywa kwayo, na alipokataa wakampaka midomoni kwa kitambaa. Wenzangu waliokuwepo wanasema alilia, na askari akaandika kwamba mtuhumiwa alionyesha dalili zote za ulevi, ikiwemo kulia ovyo.

Aliahidiwa bati za kuezekea. Alipewa kofia ya uchaguzi. Kasulwa alipanda cheo, na yule mama wa nyanya sijui aliishia wapi, kwa maana katika hotuba zote nilizozisikia tangu hapo hajatajwa.

*

Kutwa nzima Nehemia alikaa kwenye benchi langu akitazama bati jekundu. Tusekile alipata nguvu akampigia simu, na kwa kuwa masikio ya baba yake si mazuri, simu iliwekwa sauti ya juu nasi tukasikia.

"Baba, uko wapi?"

"Nipo hapa kwa Mama Supu. Naliona paa lenu."

"Wamekukatalia?"

"Wanasema mimi mlevi."

Tusekile alicheka, kisha akaguna kwa maumivu. "Mwambie Mama Supu akuzimue basi, uvuke." Kisha akasema, "Baba, wasikusumbue. Mimi nakusubiri. Ila usichelewe."

"Sichelewi, mwanangu."

Mtaniuliza kwa nini hakupita njia za panya. Njia za panya zipo, tena zina lami kuzidi barabara kuu, lakini zote zina wenyewe, na wenyewe ndio hao hao wenye magunia. Zaidi ya hayo, angefika hospitali bila muhuri wangemrudisha chini ya ulinzi, na mtoto angebaki na tumbo lake.

Alhamisi Mheshimiwa Kasulwa akaja, kama ilivyo kawaida yake ya kuianza wikiendi mapema. Akakaa kwenye benchi langu apate nguvu za kuvuka. Nehemia akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nehemia, Mheshimiwa. Dereva wako wa zamani."

"Aa, Nehemia." Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli. "Umeacha pombe?"

Nilishika mwiko kwa nguvu, maana mkono wangu ulikuwa na nia yake. Nehemia hakukasirika. Alieleza habari ya binti yake neno kwa neno, kisha akasema, "Siku ile nilikuwa kanisani, Mheshimiwa. Wewe unajua. Naomba useme tu kwamba unajua."

"Nehemia, unanisikitisha," alisema Kasulwa, akaweka kijiko chini. "Nikisema mimi ndiye niliyekuwa naendesha, nitakuwa mtu mwenye kosa. Mwenye kosa havuki. Nisipovuka, nani ataiwakilisha nchi kule? Unataka taifa zima likose mwakilishi kwa sababu ya tumbo la mtoto mmoja?"

"Ni mtoto wangu, Mheshimiwa."

"Wote ni watoto wetu." Akaagiza bakuli jingine. "Nawe acha kuwaza kizamani. Tafuta mbebaji. Hata wewe sasa unaweza kumpata mtu wa chini yako. Hayo ndiyo maendeleo tuliyowaletea."

Mimi nimekosha utumbo wa ng'ombe kwa mikono hii tangu nikiwa msichana. Najua kilichomo ndani yake kabla haujaoshwa. Sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona siku ile, na mtu mwenyewe alikuwa amevaa suti.

*

Limbu, kwa kuwa ana moyo, alimvuta Nehemia pembeni amsaidie.

"Mzee wangu, zamani lingekuwa jambo jepesi. Tungelihamishia kwa marehemu yeyote. Lakini wafu wamekwisha."

"Wamekwishaje?"

"Waheshimiwa wamewamaliza. Makaburi ya wilaya nzima yamejaa. Kuna bikizee mmoja aliyekufa kipofu, sasa ana makosa manne ya pikipiki na moja la kukojolea ukuta wa benki. Padri aliyejenga shule ya misheni ana kesi ya heroini. Hakuna hata maiti moja safi."

"Basi."

"Lakini yupo Kishindo, yule kichaa wa sokoni. Anabeba mengi, hata moja zaidi hatalihisi. Hajali kabisa."

Nehemia alifikiri. Niliona jinsi alivyolitazama tena lile bati jekundu, na nikajua jaribu lilikuwa zito, maana mtoto ni mtoto.

"Na akipona siku moja?" aliuliza.

"Kichaa cha Kishindo hakiponi, mzee."

"Akipona atajali," alisema Nehemia. "Mimi najua uzito wake. Simpi mtu."

Wengine pale walimwita mpumbavu. Usiku ule niliomba, nami si mtu wa kuomba.

Asubuhi ya Ijumaa, nikiwa nachuja supu, simu ya Nehemia ikalia. Hakusema haloo. Alisikiliza tu, na nikasikia sauti ya Skola ikilia upande wa pili, kisha akaiweka simu kwenye meza yangu taratibu, kama chombo cha udongo, na kukaa chini. Hakukaa kwenye benchi. Alikaa mavumbini na koti lake la kanisani.

*

Limbu alifika mbio. Alivua kofia, akampa Nehemia mkono.

"Pole sana, mzee wangu. Pole sana sana." Akachuchumaa karibu naye, akashusha sauti. "Na, usinielewe vibaya, hongera."

Nehemia alimtazama bila kuelewa.

"Umepata maiti yako mwenyewe. Wapo wakubwa wanaotafuta mwaka mzima wasiipate. Binti alikuwa safi, hana doa. Tunamhamishia lile kosa lako, wewe unabaki mweupe, unavuka leo leo kumchukua. Marehemu hana safari tena, halimzuii kitu."

Nilitegemea Nehemia angempiga. Ningependa sana ampige. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, "Akishabeba, mtamruhusu avuke kuja kuzikwa kwao?"

Limbu alikuna kisogo. Sheria ilisema awe hai, awe maiti.

"Hapo sasa," akasema.

"Basi mwacheni alivyo. Skola atamleta. Mimi nitampokea hapa."

Akaenda kuchimba kaburi pembeni mwa mkewe. Kabla hajaondoka aliniomba nimwangalizie daraja, jeneza lisije likafika likakosa mwenyeji. Hilo ndilo lilikuwa limebaki katika dunia yake: binti alale nyumbani, na yeye awepo.

*

Jumamosi saa saba mchana, jua likiwaka, Mheshimiwa Kasulwa alirudi kutoka kuliwakilisha taifa. Alikuwa amemnyang'anya dereva wake usukani. Gari liliuvunja mti wa kizuizi, likamvunja askari wa zamu mguu, likapita juu ya benchi langu na kuimwaga sufuria nzima, kisha likasimama limeegemea nguzo ya bendera. Waziri alifungua mlango, akaanguka, akainuka akiwa na utumbo wangu begani.

"Nani ameweka daraja hapa?" aliuliza.

Watu wote wa mpakani waliona, na watu wa Ng'ambo waliona kutoka kizuizi chao. Limbu akaja na swali la desturi.

"Nani anabeba?"

Dereva wa waziri alisema ameshabeba mawili na jela ametoka juzi. Kishindo walimtafuta, wakaambiwa amehamia wilaya nyingine baada ya waheshimiwa wa huko kumpa chumba cha kulala kwa shukrani. Macho yakanigeukia.

"Mama Supu, una leseni?"

"Sina leseni wala gari."

"Leseni si lazima."

Niliokota mwiko wangu kwenye mavumbi, wakayahamisha macho. Ndipo Limbu akajipiga paji la uso. Yupo marehemu mpya, alisema, raia wetu halali, safi kabisa, hana hata faini ya baiskeli.

"Limbu," nikamwambia, "mtoto yule alikufa jana."

"Ndiyo vizuri. Hatalalamika."

"Alikuwa hospitalini. Hajui hata kuendesha gari."

"Ndiyo maana amegonga, Mama Supu."

Akabonyeza mashine yake. Hivyo ndivyo Tusekile Mbwilo, binti wa Nehemia, alivyokufa siku ya Ijumaa kwa ugonjwa wa tumbo, na siku ya Jumamosi akaendesha gari la waziri akiwa amelewa chakari. Nilirudi nyumbani nikaoga, nikajiona sijatakata, nikaoga tena.

*

Jeneza lilikuja Jumapili asubuhi kwenye gari dogo la mizigo. Skola alikuwa amekaa nyuma akilishikilia. Wenzao wa kiwandani walikuwa wamechanga, wakalifunika kwa kitambaa cha sare, kile cha buluu ambacho Tusekile alikuwa akikishona. Kizuizi cha Ng'ambo kilifunguliwa, wakagongewa muhuri wa kutoka, wakafika kwetu. Mti mpya ulikuwa umeshawekwa. Haukuinuka.

Nehemia alikuwa upande huu, shati jeupe, mikono bado ina udongo wa kaburi.

"Mzee, kuna tatizo," alisema Limbu, na safari hii hakuweza kumtazama usoni. "Marehemu ana kosa la kuendesha akiwa amelewa. Havuki."

"Lini?"

"Jana."

Nehemia aligeuka kunitazama. Nikamwonyesha kwa kidole nguzo ya bendera iliyopinda na benchi langu lililovunjika. Alielewa. Alikuwa na uzoefu.

Skola alimsihi Limbu kwa kilugha, kwa Kiswahili, kwa machozi. Akaambiwa arudi. Upande wa Ng'ambo nao wakasema wameshamgongea kutoka, na maiti iliyotoka haina viza ya kurudi. Jeneza likabaki hapo katikati, chini ya lile bango la kukaribisha ndugu. Jua likapanda. Nzi wangu wa supu, ambao siku zote nawafukuza kwa kanga, waliondoka kwangu mmoja mmoja wakaelekea kule, na Nehemia aliwaona wakienda.

"Afande," akasema, "kosa likitoka kwake, linakwenda wapi?"

"Lazima liende kwa mtu. Halikai hewani."

"Niandikeni mimi."

"Mzee wangu, kwako litakuwa la pili. La pili ni jela miaka mitatu, na unachukuliwa hapa hapa. Hutazika."

"Najua. Andika kabla jua halijamfika zaidi."

Limbu aliandika. Kisha, kwa kuwa sisi ni watu wa utaratibu, ikahitajika harufu. Askari mmoja alileta chupa kutoka ofisini, na haikumchukua muda kuipata. Wakammwagia Nehemia kwenye lile shati jeupe, kifuani na mgongoni, wakampaka midomoni. Safari hii hakulia. Alisimama wima kama mtu anayepimwa nguo, macho yake kwenye kile kitambaa cha buluu.

Mti wa kizuizi ukainuliwa. Gari likaanza kuja polepole, na Limbu, labda kwa aibu, alimwambia anaweza kulishika jeneza likipita. Nehemia alipiga hatua mbili mbele, mkono umenyooka. Halafu alijinusa. Akaushusha mkono, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa ofisi, mbali, ili binti yake asipite kwenye harufu ile.

Likapita. Wakamfunga pingu, wakampeleka.

*

Tulimzika Tusekile mchana ule ule, sisi wauza vyakula, wanakwaya na Skola. Hatukuwa wengi, lakini vipaza sauti vilikuwepo, kwa sababu Mheshimiwa Kasulwa alikuwa amesikia habari akaona ni fursa ya kuwa karibu na wananchi. Alikuja na shada kubwa kuliko jeneza. Alihutubia muda mrefu juu ya ubaya wa pombe, akasema inavunja familia, na tazameni, binti anazikwa na baba hayupo, yuko jela kwa ulevi. Walioogopa kamera alizokuja nazo walitikisa vichwa kukubali. Besi ya kwaya ilikosekana na wimbo ulisikika mwembamba.

Kisha mchungaji, mtu mpole ambaye amezoea mazishi ya kawaida, akauliza kama desturi ilivyo, "Nani atatangulia kuweka udongo kwa niaba ya baba?"

Nilifungua kinywa. Skola naye alifungua. Lakini mkono ulikuwa umeshanyooshwa mbele yetu, wenye saa ya dhahabu.

"Mimi," alisema Mheshimiwa. "Nehemia ni mtu wangu wa karibu."

Akainama, akachota udongo ule ambao Nehemia aliuchimba kwa mikono yake, akamrushia binti wa watu. Ulikuwa konzi moja, haukujaa kiganja, na ndiyo mara ya pekee katika maisha yao Kasulwa alipobeba kitu cha Nehemia. Halafu akageukia wasaidizi wake, vidole vimetanuliwa, uso umekunjamana kwa karaha, akaomba maji ya kunawa.